Pasaka Ugenini: Vidokezo kwa Wapangaji wa Chang'ombe

Dodoma ni mji wa waliohamia. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianza 2007, Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu 2016, na leo nyumba moja ya kupanga Chang'ombe (hii ya Dodoma, si ile ya Temeke) inaweza kuwa na Mhaya, Msukuma na Mnyakyusa kwenye korido moja. Treni ya SGR imewasaidia wa Dar na Morogoro tangu 2024. Wa Bukoba au Kigoma, siku nne za Ijumaa Kuu hadi Jumatatu huishia barabarani. Kama unabaki, usibaki peke yako.

1. Anzeni mchango mapema. Pasaka huhama: 2026 ni tarehe 5 Aprili, 2027 ni 28 Machi. Mweka hazina awe mmoja, aandike kila senti. Asiye na hela alete mkaa au sufuria kubwa, na asisimangwe.

2. Kuku achinjwe na jirani Muislamu. Hili lisidharauliwe. Wale wale waliokuletea sahani ya pilau siku ya Idi wanastahili kukaa nawe na kula bila wasiwasi. Kitimoto kisubiri siku nyingine. Kama ni lazima, kiwe na jiko lake, sufuria zake na visu vyake, mbali kabisa na chakula cha wote.

3. Kila mtu apike cha kwao. Pilau tumeizoea. Mhaya apike ndizi, mtu wa Kigoma atoe migebuka au dagaa aliotumiwa na mama yake. Mwenye nyumba akiwa Mgogo, mwombeni mama awafundishe mlenda na ugali wa uwele. Mtu anayepika chakula cha utotoni mwake husimulia mengi jikoni, na hapo ndipo wapangaji huwa ndugu.

4. Mkesha wa Jumamosi nendeni kanisani kwa kundi, mrudi kwa kundi. Bodaboda mnayemfahamu aambiwe mapema.

5. Piga simu nyumbani kabla ya kula, kisha mpe mwenzako asalimie. Mama anataka kusikia sauti za watu unaokula nao.

6. Kabla ya kupakua, hesabuni vyumba. Ambaye mlango wake haujafunguliwa tangu asubuhi, mgongeeni, mumkaribishe.