Kampuni za Kutunza Wazee: Umesoma Naye, Lakini Nani Analipa?

SOMO LA WIKI

Wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wengi siku hizi hupokea ombi la namna moja. Mtu waliyesoma naye sekondari au chuoni anaanzisha kampuni ya kuwahudumia wazee kwa kutumia simu na kompyuta, na anawaomba wenzake wachangie mtaji wa kuanzia. Ombi huletwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hutanguliwa na salamu na kumbukumbu za bwenini, kisha hufuata namba ya akaunti.

Ombi hilo si la kupuuzwa. Wazee wanaongezeka, watoto wao wako mbali mijini, na kazi ya kuwatunza inahitaji utaratibu mpya. Lakini si la kukubaliwa kwa sababu ya urafiki tu. Wiki hii tunatazama jinsi umoja wa waliosoma pamoja unavyoweza kujenga kampuni ya aina hii, mahali nguvu yake inapoishia, na maswali ambayo mwenye fedha hana budi kuyauliza kabla ya kuzitoa.

MFANO WA PILLPACK

Mfano ulio wazi unatoka Boston, Marekani. Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kinachojulikana kwa kifupi kama MIT, kina sifa ya muda mrefu ya wahitimu wake kuanzisha makampuni. Utafiti wa benki ya BankBoston uliotolewa mwaka 1997 ulihesabu kampuni 4,000 zilizoanzishwa na wahitimu na walimu wa chuo hicho, zikiwa zimeajiri watu milioni 1.1 duniani kote. Tangu mwaka 1990 chuo hicho huendesha mashindano ya mipango ya biashara, ambayo zawadi yake ilianza kwa dola 10,000 na baadaye ikafikia dola 100,000. Faida kubwa ya mashindano hayo si fedha za zawadi. Mwanafunzi hukutana na mhitimu wa zamani, mhitimu humfahamisha kwa mwenye mtaji, na mwenye mtaji humpeleka kwa mwanasheria na mhasibu.

Katika mazingira hayo ndipo walipokutana Elliot Cohen na TJ Parker. Cohen alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya biashara MIT, na alishiriki kuanzisha shughuli za chuo hicho zinazowakutanisha madaktari, wahandisi na wafanyabiashara kutafuta ufumbuzi wa matatizo ya tiba. Parker hakuwa mhitimu wa MIT. Alikuwa mfamasia aliyesomea chuo cha famasia cha jirani mjini Boston. Baba yake alikuwa na duka la dawa huko New Hampshire, na Parker alikulia kwenye kazi hiyo akipeleka dawa majumbani kwa wagonjwa.

Mmoja alikuwa na mtandao, mwingine alikuwa na ujuzi wa tatizo lenyewe. Parker alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mtu mzima mwenye kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo anavyochanganyikiwa na chupa saba za dawa mezani. Mwaka 2013 walianzisha PillPack. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza: dawa zote za mteja zilipangwa katika vipakiti vidogo, kila kipakiti kikiwa na dozi ya wakati mmoja na kimeandikwa tarehe na saa ya kumeza, kisha zikatumwa nyumbani kwa posta. Wateja hawakuwa wazee peke yao, bali kila mwenye kumeza dawa nyingi kila siku, na katika kundi hilo wazee ni wengi.

Umoja wa chuo ulisaidia kupata watu wa kazi, washauri na wawekezaji wa kwanza. Fedha zikaongezeka hatua kwa hatua, hadi jumla ya mtaji uliokusanywa ikakaribia dola milioni 118.

MAHALI MTANDAO ULIPOFIKIA KIKOMO

Mwaka 2016 kampuni hiyo nusura ivunjike mgongo. Nchini Marekani mgonjwa mwenye bima halipii dawa zote mwenyewe. Katikati yake na kampuni ya bima kuna makampuni yanayosimamia malipo ya dawa, na duka lisilo na mkataba nao haliwezi kuwahudumia watu wa bima hiyo. Moja ya makampuni makubwa ya aina hiyo, Express Scripts, ilitangaza kwamba ingesitisha mkataba wake na PillPack ifikapo mwisho wa Aprili 2016. Hoja yake ilikuwa kwamba PillPack ilijiandikisha kama duka la kawaida ilhali inatuma dawa kwa posta. PillPack ilijibu kwamba Express Scripts yenyewe ina biashara ya kutuma dawa kwa posta na inamwogopa mshindani.

Katika mzozo ule barua kutoka kwa mhitimu mwenzao isingewalinda. Mlipaji alikuwa mmoja mkubwa, na angeweza kuondoa wateja wengi kwa siku moja. PillPack ililipeleka jambo hilo hadharani, ikawaomba wateja wake wapaze sauti, na mwishoni mwa Aprili pande mbili zikafikia makubaliano.

Tarehe 28 Juni 2018 Amazon ilitangaza kuinunua PillPack. Siku hiyohiyo hisa za maduka makubwa ya dawa ya Marekani, yaani Walgreens, CVS na Rite Aid, ziliporomoka. Walgreens peke yake ilishuka kwa karibu asilimia 10. Hesabu za Amazon zilionyesha baadaye kwamba bei ilikuwa dola milioni 753. Amazon ilipata programu nzuri za kompyuta, lakini pia ilipata leseni za kuuza dawa katika takriban majimbo yote ya Marekani pamoja na mikataba na walipaji. Vitu hivyo viwili haviji kwa kufahamiana.

Mwekezaji na aangalie pia hesabu hii. Dola milioni 753 ni zaidi ya mara sita ya mtaji uliokusanywa, lakini haina maana kwamba kila aliyeweka dola moja alipata sita. Aliyeingia mwaka wa kwanza kampuni ikiwa na thamani ndogo alipata zaidi sana, na aliyeingia mwishoni alipata kidogo. Wote walisubiri, na katika mwaka wa 2016 wote walikuwa karibu na hasara.

MFANO WA ZAMANI ZAIDI

Boston ina mfano mwingine wenye somo hilohilo. Andrew Dibner, msomi wa saikolojia ya wazee katika Chuo Kikuu cha Boston, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kifaa cha mzee kuita msaada akianguka nyumbani. Mwaka 1974 yeye na mkewe Susan walianzisha kampuni ya Lifeline Systems. Mzee alivaa kitufe, akikibonyeza simu ilipiga yenyewe kuomba msaada.

Kampuni hiyo ilisambaza huduma yake kupitia hospitali. Familia isiyomjua Dibner iliijua hospitali ya mtaa wake na kuiamini. Mwaka 2006 kampuni ya Philips ya Uholanzi iliinunua Lifeline kwa takriban dola milioni 750. Ilichukua zaidi ya miaka 30, na iliyobeba biashara muda wote huo ni ada ndogo inayolipwa kila mwezi.

HATARI YA KUAMINI JINA

Upande wa pili wa sarafu ni Theranos, kampuni ya vipimo vya damu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes, aliyeacha masomo Chuo Kikuu cha Stanford. Katika bodi yake waliketi watu wakubwa, akiwamo George Shultz, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Wawekezaji wengi walitazama majina hayo na kuridhika, bila kudai kuiona mashine ikifanya kazi mbele ya mtaalamu asiye na maslahi. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na Januari 2022 mahakama ilimtia Holmes hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Mtandao unaweza kuleta fedha kabla bidhaa haijathibitishwa, na kila anayeingia hudhani aliyemtangulia amekwisha kukagua.

HALI YA KWETU

Nchini Tanzania Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu wazee wa umri huo wapatao milioni 2.7. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, ikianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo mwaka 2018 ilipanua mpango wa Inua Jamii kwa wenye umri huo kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Fedha hizo ni msaada wa chakula na dawa ndogondogo. Haziwezi kulipia mtunzaji.

Kwa hiyo mlipaji wa kweli aghalabu ni mtoto aliye mjini au ng'ambo. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, njia ya kupokea malipo hayo kila mwezi ipo. Hapo ndipo umoja wa waliosoma pamoja una thamani halisi: wanachama wake wenye umri wa miaka 40 au 50 ndio hasa wenye wazazi wazee, na ndio wanaoweza kuwa wateja wa kwanza. Lakini tuipime biashara hiyo kwa tarakimu. Mfano ufuatao ni wa kufikirika.

Kampuni inahudumia wazee 100, kila mmoja akilipiwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 6,000,000. Watunzaji wanane kwa mshahara wa shilingi 400,000 kila mmoja ni 3,200,000. Nauli ni 1,000,000, simu na programu ni 500,000, ofisi na msimamizi ni 1,500,000. Gharama zote ni 6,200,000, hivyo kuna hasara ya shilingi 200,000 kila mwezi.

Wazee wakifika 150, mapato yanakuwa 9,000,000. Watunzaji 12 ni 4,800,000, nauli 1,500,000, simu na programu 600,000, na ofisi inabaki 1,500,000. Gharama ni 8,400,000 na faida ni 600,000. Ni habari njema, ila angalia jambo moja. Watoto 15 kati ya 150 wakichelewa kulipa mwezi huo, shilingi 900,000 hazipo. Mishahara haisubiri, na faida yote imekwenda pamoja na 300,000 za akiba.

Tuseme waliosoma pamoja wanaleta wateja 40. Hao 110 waliobaki, ambao bila wao hakuna faida, watatoka kwa watu wasiomjua mwanzilishi kabisa. Tena mwenzako ndiye mgumu kudaiwa: huchelewa kulipa akijua hutamkatia mama yake huduma.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, nani analipa, na amelipa mara ngapi mfululizo? Omba kuona taarifa za benki au za simu za miezi sita. Orodha ya watu waliosema watajiunga haitoshi.

Pili, wateja wangapi hawakusoma na mwanzilishi? Kama ni wachache, kampuni bado ni mchango wa marafiki.

Tatu, kuna mlipaji mmoja anayeshikilia zaidi ya theluthi moja ya mapato? Iwe ni bima, hospitali au shirika la misaada, soma mkataba na uone unavunjwa kwa notisi ya muda gani.

Nne, nani katika kampuni amewahi kufanya kazi ya kutunza wazee? Mtaalamu wa kompyuta asiye na muuguzi au mfamasia pembeni yake atajenga kitu ambacho mzee hatakitumia.

Tano, nani atawajibika mzee akipewa dawa isiyo yake au akianguka mtunzaji akiwepo? Uliza leseni, bima na mkataba wa mtunzaji.

Sita, fedha zako zinaandikwa kama nini? Mkopo una tarehe ya kurudishwa. Hisa zina idadi, bei na jina lako katika daftari la kampuni. Ahadi ya kundini haina lolote kati ya hayo.

Mwenye nia njema hataudhika kwa maswali haya. Atayapokea, maana ndiyo atakayoulizwa na benki kesho. Na kama una mzazi mzee, ipo njia ya kupima isiyokugharimu mtaji: mwandikishe awe mteja, ulipe bei kamili kwa miezi mitatu, uone kama mtunzaji anafika siku zote alizoahidiwa. Ukiridhika na huduma, ndipo ukae mezani kuzungumzia hisa.