Mvumo wa Moyo

Mwekee mwenzako sikio kifuani, chini kidogo ya titi la kushoto, nawe utasikia sauti mbili: du-ta, du-ta. Wengi hudhani ni moyo unaojikaza. Sivyo, ni milango inayofungwa. Moyo una milango minne ya utando mwembamba, iitwayo vali. Du ni ya vali mbili zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini. Ta ni ya zile mbili zilindazo mishipa mikubwa itokayo moyoni. Damu yenyewe, ikipita sawasawa, haina kelele.

Vali ikiharibika, damu huanza kusema. Vali ya kushoto iitwayo mitrali isipofungika barabara, damu hurudi nyuma kila moyo ujikazapo, na baina ya du na ta husikika mvumo kama upepo, uendao mpaka kwapani. Ikiwa imekazana haifunguki vema, mvumo huja baada ya ta, nao ni mzito kama gari lingurumalo mbali. Huu wa pili huwaponyoka wanafunzi wengi wa udaktari, maana hausikiki vizuri mpaka mgonjwa alazwe ubavu wa kushoto. Wala si kila mvumo ni ugonjwa: watoto wengi wenye afya wanao, na mwenye homa vilevile.

Katika nchi zetu, vali za vijana huharibiwa zaidi na maumivu ya koo. Vijidudu viitwavyo streptokoki huambukizana upesi penye msongamano, mathalan mabwenini. Koo hupona, lakini baada ya majuma mawili au matatu silaha za mwili huweza kugeuka zikashambulia viungo na moyo.

Na sikio huchelewa kujua. Taarifa ya mwaka 2007 yasema kwamba watoto 2,170 wa shule za Msumbiji walipopimwa kwa kusikilizwa, walionekana wagonjwa 5; chombo kinachochora moyo kwa mawimbi ya sauti kiliwaona 66.

Je, wanaogunduliwa mapema husaidiwa? Huko Gulu, Uganda, watoto 818 wenye dalili za mwanzo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne, nayo inauma kwelikweli. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa katika fungu hilo walikuwa 3. Katika lile lisilochomwa, 33.