Utando wa Buibui na Hewa ya Mji Wetu

Nikitaja buibui hapa Mji wa Kale wengi mtafikiria vazi la mama zetu. La, mie namsema mdudu, yule afumaye utando pembeni mwa boriti nasi tukamfagilia mbali. Utando huo ni kipimo cha hewa kisichouzwa dukani.

Mashine za kupima vumbi la hewani ni ghali, tena zataka umeme na fundi. Utando hautaki kitu: hewa yapita, vumbi lanasa. Ndani ya vumbi la mjini mna metali nzito, kama zinki itokayo kwenye tairi zinazolika, shaba ya breki, na risasi. Sisemi risasi ya bunduki (ingawa nayo hutengenezwa kwa hiyo hiyo), bali metali laini ya kijivu iliyomo katika betri za magari na rangi za kale. Ilitiwa hata kwenye petroli, mpaka Kenya ikaiondoa mwishoni mwa 2005. Huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama.

Huko Wrocław, nchini Poland, wataalamu wamekusanya tando za mjini wakazipima metali. Lakini si kila utando wafaa. Buibui wa bustanini afumaye duara mara nyingi huula utando wake akafuma mwingine, basi vumbi halikai. Atakiwaye ni yule wa nyumbani, ambaye utando wake hudumu wiki nyingi. Kwanza fagia wa zamani, uandike tarehe, kwani usipojua umri wa utando hujui vumbi ni la siku ngapi. Ukifumwa mpya, ngoja, kisha uzungushe kwenye kijiti cha kioo na uutie chupani. Maabara huuyeyusha kwa asidi ndipo wakapima.

Hebu linganisha utando wa Digo Road, penye msururu wa matatu, na wa kichochoro cha Ndia Kuu ambako gari lapita kwa taabu. Na uchague ulio chini ya paa, masika yasije yakauosha. Msimu nao uandikwe: vumbi la kusi si lazima liwe la kaskazi.

Si mchezo huu. Ukivuka Makupa kwenda bara wafika Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, mwanawe alipimwa akakutwa na risasi mwilini. Akaipigania haki, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ilirejesha amri hiyo Desemba 2024.

Utando usingeweza kusema risasi kiasi gani imeingia damuni. Hiyo kazi ya sindano. Ila ungeweza kuonyesha ni nyumba zipi zilipigwa zaidi na moshi ule, watoto wa huko wakapimwa kwanza.