Selimundu Kazini: Ya Kufanya na ya Kuacha

Mwenye selimundu anaweza kufundisha, kuhudumia wateja benki, kushona au kuandika programu za kompyuta. Kinachomwangusha mara nyingi ni kujikaza ili asionekane mgonjwa. Kwa hiyo yasome haya na uyashike.

Kunywa maji, na usione haya kwenda msalani. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana maji, hivyo mkojo hutoka mwingi na mwili hukauka upesi. Mwili ukikauka, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza. Wapo makeshia wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa sababu foleni haiwapi nafasi ya kutoka kaunta. Usithubutu. Chupa ikae mezani, na atafutwe mtu wa kukushikia nafasi kwa dakika tano.

Usikae chini ya kiyoyozi. Baridi hubana mishipa. Omba kiti kingine. Kisipopatikana, vaa sweta na soksi hata kama nje ni joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, na wanaocheka wacheke.

Usijikaze. Maumivu yakianza kiunoni saa 4 asubuhi, usingoje saa 11 jioni. Acha kazi, jifunike, kunywa maji, meza dawa uliyoandikiwa. Yasipotulia, nenda hospitali. Lakini usinunue ovyo ibuprofen au diclofenac dukani ili umalize zamu: dawa hizo huumiza figo, na figo zako zimeshabeba mzigo wa kutosha.

Homa na kifua havisubiri. Joto likifika nyuzi 38, au kifua kikibana na pumzi kukatika, toka uende hospitali saa hiyo hiyo, kikao kiwepo kisiwepo. Mfano ni Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyesomea utabibu wa meno Chicago, mgonjwa wa selimundu ambaye daktari James Herrick alieleza damu yake mwaka 1910. Alihitimu, akarudi kwao, akatibu watu meno kwa miaka. Mwaka 1916 nimonia ikamuua akiwa kijana bado. Siku hizi dawa zipo, mradi ufike mapema.

Usiache dawa yako ya haidroksiyurea kwa kuwa umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Imeze kila siku na upime damu kama kliniki ilivyopanga. Ukitarajia mtoto, zungumza na daktari kwanza.

Lala ndani ya chandarua. Wenye kurithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ndio wenye kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wewe uliyerithi kwa wote wawili huna bima hiyo.

Mwambie mtu mmoja ofisini. Macho yako yakiwa ya manjano yataonekana tu, na wasiojua watasema ni pombe. Aliyeambiwa ajue kadi ya kliniki iko mkoba gani na unatibiwa hospitali ipi. Msimamizi mpe barua ya daktari.

Panga kazi kwa nguvu zako halisi. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Zilizopinda huishi siku 10 hadi 20. Damu yako ni pungufu daima, na uchovu huo si uvivu. Kazi nzito ifanye saa unazokuwa na nguvu. Ripoti ya Ijumaa imalizike Jumatano, maana Alhamisi unaweza kuwa wodini. Usichukue zamu za usiku mfululizo kwa kutamani posho.

Jua haki yako. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa, kwa hiyo tunza kila cheti.

Na wewe msimamizi: barua ya daktari ukiletewa, isome, hamisha leo kiti chake kilicho chini ya kiyoyozi, na ukome kumwambia mwenye selimundu ajikaze.