Serikali ni Kitu Gani, na Kazi Yake ni Nini?

Kila siku twasikia watu wakisema, "Serikali imeamuru," au, "Serikali yadai kodi," kana kwamba Serikali ni mtu mmoja mkubwa akaaye mbali. Yafaa basi tujiulize: Serikali ni kitu gani, ilianza kwa sababu gani, na kazi yake hasa ni nini?

Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi. "Sar" maana yake ni kichwa, na "kar" ni kazi. Yaani, aliye mkuu wa kusimamia kazi. Lakini msimamizi huwa na kazi aliyopewa, na wenye kazi hiyo ni watu.

ASILI YAKE

Tufikiri juu ya kijiji chenye kisima kimoja. Maadamu watu ni wachache, kila mtu huchota apendavyo. Wakizidi, au mvua ikikosa, mwenye ng'ombe wengi atataka kuwanywesha wote kwanza, na mjane mwenye mtungi mmoja atasukumwa nyuma. Hapo hawana budi kupatana juu ya mambo matatu: kanuni ya zamu, mtu wa kuwaamua wagombanao, na watu wa kuangalia kuwa kanuni yafuatwa. Hayo ndiyo matengo matatu ya kila serikali: kutunga sheria, kuhukumu, na kutekeleza. Na kisima kikibomoka, kila nyumba hutoa kitu ili kitengenezwe. Hiyo ndiyo kodi.

Mwaka 1651 Mwingereza Thomas Hobbes aliandika kwamba watu wasio na serikali huishi kwa hofu, kila mtu akimwogopa mwenziwe. Baadaye mwenzake, John Locke, aliandika kwamba watawala hupewa mamlaka kwa ridhaa ya watawaliwa, ili walinde uhai, uhuru na mali. Wakiivunja amana hiyo, yaweza kuondolewa mikononi mwao.

AINA ZAKE

Zamani sana, kabla ya Kristo, Myunani aitwaye Aristotle alizipima serikali kwa maswali mawili: Watawalao ni wangapi? Nao watawala kwa faida ya nani? Mtawala mmoja aweza kuwa mfalme mwema au mdhalimu. Wachache waweza kuwa wazee wenye busara au matajiri wenye choyo. Wengi nao waweza kuutunza mji wote, au kuwaonea walio wachache. Swali la pili, basi, ni zito kuliko la kwanza.

Aina hizi hazikuletwa Kenya kwa meli. Wawanga walikuwa na mfalme wao, Nabongo. Naye Nabongo Mumia, ajulikanaye sana, alifariki mwaka 1949. Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lililoamua mashauri.

KODI NA SAUTI

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907. Waafrika walitozwa kodi ya nyumba, na baadaye kodi ya kichwa, lakini hakuna Mwafrika aliyeketi humo mpaka mwaka 1944, Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa. Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao mara ya kwanza Machi 1957, nao walikuwa wanane tu. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963.

Turudi kisimani. Mtu atoaye fedha za kukitengeneza kisima kwa miaka mingi, naye haulizwi neno lolote juu ya zamu, hawezi kukiita kisima chake. Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2010 yaanza kwa kusema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya.

Lakini maneno ya Katiba hayajilindi yenyewe. Alipaye kodi bila kuuliza hesabu amekiacha kisima mikononi mwa mwenye ng'ombe wengi. Naye aulizaye hesabu bila kulipa hana atakachochota.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chako, ni nani atungaye kanuni za maji au malisho, na ni nani amwangaliaye?

2. Wengi wakikubaliana kumnyima zamu mtu mmoja, je, hiyo ni serikali njema?