KABLA HUJALIPIA KUSAGA VALVU, MUULIZE FUNDI MAMBO HAYA MANNE

Leo naongea na wewe mwenye Probox au Noah ya kupigia kazi Bariadi–Lamadi, Bariadi–Maswa au kuzunguka minadani. Msimu wa pamba gari ikilala gereji, marejesho ya mkopo hayalali.

Mimi nauza spea hapa Bariadi. Shule niliishia kidato cha nne, haya nimejifunza kwa mafundi na vitabu vya injini. Kuna wateja wananunua gasketi ya hedi mara mbili kwa kazi ile ile: valvu zimesagwa, gari imefungwa, baada ya muda mfupi imekosa nguvu tena.

Siti ya valvu ni ule mduara wa chuma kwenye silinda hedi ambapo valvu inakalia ikifunga. Ikikaa vizuri, mgandamizo haupotei na joto la valvu linahamia kwenye hedi. Siti ikilika, moto unapenya pembeni na valvu inaungua. Sasa uliza:

1. Una uhakika ni valvu?
Apime kompresheni kila silinda. Iliyo chini, atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, apime tena. Ikipanda sana, shida ni ringi. Ikibaki chini, shuku valvu au gasketi ya hedi.

2. Gaidi umezipima?
Simaanishi jambazi! Gaidi ni kile kibomba ambamo mguu wa valvu unapanda na kushuka. Kisu cha kukatia siti kinashikilia humo. Gaidi ikilegea, siti inakatwa upande na valvu haifungi. Gaidi kwanza, siti baadaye.

3. Unakata au unasaga tu?
Dawa ya kusagia inatosha kwa siti iliyochakaa kidogo. Iliyolika sana inataka kisu. Kwenye injini nyingi sehemu inayogusa valvu ni digrii 45, na upana wake uwe kama milimita 1 hadi 1.5. Ukiwa mpana mno, valvu haibani vizuri. Ukiwa mwembamba mno, joto halitoki. Siti iliyozama sana inatolewa na kuwekwa mpya. Hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine, siyo ya nyundo chini ya mwarobaini.

4. Tapeti utaziseti upya?
Siti ikikatwa, valvu inazama na mguu wake unasogea juu, nafasi ya tapeti inapungua. Ikiachwa hivyo, valvu inabaki wazi kidogo na kuungua upya. Injini ya 1NZ haina skrubu ya kuseti, unabadilisha vikombe vya tapeti kwa unene. Hiyo ni gharama, ijue mapema.

Kabla hedi haijarudi, dawa yote ioshwe, maana ni kama mchanga. Valvu zikiwa zimefungwa na springi zake, mimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa na za moshi, subiri dakika chache. Yakivuja kwenye valvu, kazi haijaisha. Simama uone mwenyewe.

Mteja wangu akija kununua gasketi, namwuliza kwanza hayo manne. Naweza kukosa mauzo siku hiyo, lakini mteja anabaki. Andikishianeni bei ya kila hatua kabla injini haijafunguliwa.

Una swali? Uliza hapa chini. Kazi njema!