Bangi na Akili

Fahamu, ewe msomaji, kwamba akili ndiyo shina la taklifu: asiye nayo haandikiwi dhambi wala hatakiwi Sala. Kwa ajili hiyo wanavyuoni hawakutosheka kusema bangi ni haramu. Walichunguza pia yaifanyalo akili.

Imamu Al-Qarafi wa madhehebu ya Malik, aliyekufa Misri mwaka 684 wa Hijra (1285), aligawanya viondoavyo akili mafungu matatu. Kilevi huiondoa akili na kuleta furaha na ushujaa. Kilazacho huondoa akili na hisia pamoja, kama kusikia na kuona. Kiharibucho huivuruga akili pasi na furaha hiyo. Bangi akaitia fungu la tatu, kwani walaji wake hunyamaza au hulia, wala hawapigani kama wanywaji tembo.

Imamu Az-Zarkashi wa madhehebu ya Shafii, aliyekufa mwaka 794 (1392), alitunga kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi, naye akasema kuwa yalevya. Na kabla yake tabibu Ibn al-Baitar, aliyekufa mwaka 646 (1248), alikwisha andika kwamba bangi ya Kihindi hulevya mno, hata kwa dirhamu moja au mbili.

Iliyo mashuhuri kwa Mashafii ni kuwa bangi si najisi, kwani si kiowevu, na mlaji hupewa taaziri, si haddi. Ama kuiharibu akili kwayo, ni haramu kwa wote.

Huenda mvutaji akasema: "Mimi sipotezi akili, fikira zangu hupanuka." Jawabu: mwaka 1964 wataalamu waliitenga dawa kuu iliyomo, iitwayo THC, baadaye ikajulikana kwamba hushika ubongoni penye kumbukumbu na kipimo cha wakati. Kwa hiyo dakika chache humwia ndefu, na neno la punde humponyoka. Huko si kupanuka. Ni mizani iliyolegea, ikaonyesha kila kitu kizito.

Basi mtu huyo akisimama katika Sala, ataijuaje rakaa ya pili na ya tatu? Na Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 43, amekataza kuikaribia Sala katika ulevi mpaka mtu ajue asemalo. Tena Sala iliyompita kwa ulevi wa hiari yake ni wajibu kuilipa. Udhuru wa mwendawazimu hana. Mwendawazimu amenyang'anywa akili. Huyu ameitoa kwa mkono wake.

Wallahu a'alam.